WLS ya Chicago: Mnara Umebaki, Watu Wameondoka

Kituo cha WLS cha Chicago kingali hewani kwenye kilohazi 890 za masafa ya kati, kwa nguvu ya wati 50,000, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa redio ya AM nchini Marekani. Usiku mawimbi yake hudunda kwenye tabaka la juu la anga na kufika majimbo ya mbali, kama zamani. Anayetaka kujua kwa nini kimepoteza hadhi asihangaike na mitambo. Atazame studio.

Kilianzishwa Aprili 1924 na Sears, Roebuck, kampuni iliyowauzia wakulima bidhaa kwa posta. Wiki moja baadaye kikaanza kipindi cha National Barn Dance: fidla, banjo na nyimbo za shambani kila Jumamosi usiku. Mwaka 1928 kilinunuliwa na Prairie Farmer, gazeti la wakulima, na hapo ndipo kilipopata uti wa mgongo. Kilitangaza bei za nguruwe na mahindi pamoja na hali ya hewa, habari ambazo msikilizaji aliamkia nazo akiamua kama apeleke mifugo sokoni au angoje. Kuanzia 1932 watu walilipa kiingilio katika ukumbi wa Eighth Street Theatre ili waone Barn Dance ikirushwa.

Redio hiyo ya wakulima ilikuwa na watu wa kutuma. Tarehe 6 Mei 1937 mtangazaji wake Herbert Morrison alikuwa Lakehurst, New Jersey, akirekodi kwenye santuri kutua kwa Hindenburg, chombo cha anga cha Kijerumani. Kikalipuka mbele ya macho yake. Watu 36 walikufa. Morrison aliendelea kusimulia huku akilia, na rekodi ile iliporushwa kesho yake, Marekani ilisikia msiba kwa namna ambayo haikuwa imezoea.

Mei 1960 kampuni ya ABC, ikiwa sasa mmiliki kamili, ilifuta Barn Dance na kuingiza muziki wa rock. Wapo wanaoliona hilo kuwa ndiyo anguko. Sikubaliani nao, ingawa wakulima waliachwa kwenye mataa. Dick Biondi, aliyetangaza usiku, anatajwa kuwa mtangazaji wa kwanza Marekani kupiga wimbo wa Beatles, mapema 1963, mwaka mmoja kabla jina lao halijavuma huko. Baadaye akaja Larry Lujack na sauti yake ya kukereka. Wasikilizaji walibadilika, lakini aliyekaa mbele ya kipaza sauti aliishi Chicago na alijua barabara ipi imefungwa na theluji.

Jeraha la kweli lilitokana na FM. Ilikuwa na sauti safi ya stereo, isiyokwaruzwa na radi wala nyaya za umeme, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaipita AM kwa wasikilizaji. Stereo ya AM ilikuwepo, lakini mwaka 1982 tume ya mawasiliano, FCC, ilikataa kuchagua mfumo mmoja, na wanunuzi wakaachwa njia panda. Kushindana kwa muziki hakukuwezekana tena.

Yaliyofuata yalikuwa uamuzi wa watu. Mwaka 1987 FCC iliondoa sharti la kusikiliza pande zote katika mijadala. Agosti 1989 WLS ikaacha muziki, ikawa redio ya maongezi. Kipindi cha siasa kinaweza kuandaliwa mji mmoja na kurushwa katika mamia ya vituo, na gharama hupungua sana. ABC iliuza redio zake kwa Citadel mwaka 2007, Cumulus ikainunua Citadel mwaka 2011, na kampuni zote mbili ziliwahi kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, Citadel mwaka 2009 na Cumulus mwaka 2017. Mmiliki mwenye deni huanza kwa kupunguza waandishi wa habari, kwa sababu mnara hauombi mshahara.

Mwaka 2023 Ford ilitaka kuondoa AM kwenye magari mapya, ikarudi nyuma baada ya wanasiasa kulalamika kwamba wananchi watakosa taarifa za dharura. Hoja hiyo ni ya haki. Inahitaji tu kituo chenye mtu wa zamu usiku kimbunga kinapoingia mjini.