Miksi ya Pili, Baada ya Tisini na Moja

Katika simulizi zote za utengenezaji wa Thriller, albamu ya Michael Jackson, kuna moja isiyonitoka kichwani, na wala haimhusu sana mwimbaji. Ni ya Bruce Swedien, fundi mitambo aliyemiksi wimbo wa Billie Jean mwaka 1982.

Swedien, aliyefariki mwaka 2020, alisimulia kwamba alipofika miksi ya pili aliona kazi imeiva. Akawaita wenzake chumba cha mitambo, wakasikiliza, wakacheza. Kisha Michael Jackson akatoka kimyakimya na kumwashiria amfuate. Huko nje akamwambia kwamba miksi haina kasoro, ila besi ipande kidogo tu, halafu airudie mara moja, tafadhali. Swedien aliporejea, prodyuza wa albamu, Quincy Jones, naye akamvuta kando. Kwake pia miksi ilikuwa safi. Alichoomba ni snea na dramu kubwa zinyunyiziwe chumvi ya kitunguu saumu, kidogo tu.

Swedien akarudi mezani. Besi ikapanda, dramu zikakolea, naye mwenyewe akaona pengine pa kugusa. Miksi moja ikazaa nyingine. Rundo la kanda za nusu inchi likakaribia dari, hesabu ikafika 91. Hapo Quincy akaomba wasikilize tena miksi ya pili. Wakaiweka. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye santuri, na ndiyo dunia inayoijua hadi leo.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyekosea. Maombi yote mawili yalitaja kitu na kiasi chake, yakatolewa kwa adabu, faraghani, na watu waliompenda fundi wao. Ni maoni ambayo kijana anayemiksi chumbani kwake Mbagala au Kayole angeyapokea kwa mikono miwili. Yeye, akitupia wimbo kwenye kundi la WhatsApp, hurudishiwa alama za moto na "kali sana, kaka". Mara nyingine mtu humwandikia "haijakaa sawa" na kupotea. Maneno yote hayo hayamwambii aguse wapi. Angeambiwa "kwenye ubeti wa pili besi inameza maneno yako", angejua pa kuanzia usiku huohuo.

Lakini habari ya Swedien inaonyesha kuwa hata maoni mazuri yana gharama. Ukipandisha besi, dramu kubwa inazama, kwa kuwa zote mbili zinaishi chini. Ukiinua dramu, mwimbaji anaonekana yuko mbali. Ukimsogeza mwimbaji, kinanda kinalalamika. Katika studio zetu ndogo jambo hili lina uchungu zaidi, maana mwenye kuomba sauti yake ipande ndiye aliyelipa. Prodyuza wa miaka ishirini atamwambiaje mteja wake kwamba miksi ya juzi ilikuwa bora?

Na sikio lenyewe si shahidi wa kuaminika. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi zaidi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Ndiyo maana ukiweka miksi mbili mfululizo, iliyo juu kidogo huonekana nene, hai, iliyokamilika, hata kama hakuna kilichobadilika ila kitufe cha sauti. Sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kwa wanaojifunza inaharibikia hapo: mtu anasifia toleo jipya kwa sababu linapiga kelele zaidi. Sawazisheni sauti kwanza, kisha mbishane.

Swedien mwenyewe alipomiksi alisikiliza pia kwa Auratone, kijisanduku chenye spika moja tu, bila besi ya kutikisa kuta. Kama miksi inasimama humo, itasimama popote. Namfikiria msikilizaji wetu mwenye simu kwenye daladala, na naona kijisanduku kile kilimjali yeye.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoomba ushauri hawapendi kulisikia. Dramu za Billie Jean zilipigwa na Leon Chancler, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa jina la Ndugu, juu ya jukwaa la mbao ambalo Swedien aliagiza litengenezwe. Uzuri ulikuwepo kabla ya mtu kugusa kitufe cha kumiksi. Sauti iliyorekodiwa chini ya bati, mvua ikinyesha, haitaokolewa na miksi ya 91. Rafiki wa kweli atasema: rudi ukarekodi upya. Ni neno zito kwa aliyekesha, na ndiyo maana wengi tunalimeza.

Bado najiuliza Quincy alijuaje. Je, aliikumbuka miksi ya pili muda wote, akamwacha mwenzake ahangaike? Au aliweza kuitambua kwa sababu tu zile nyingine zilikuwepo za kuipima? Sina hakika kwamba kazi ya katikati ilipotea bure, na siwezi kuapa kwamba haikupotea.

Ninalolijua ni kwamba Quincy hakuitafuta faili iliyofutwa. Kanda ilikuwepo, ina namba. Vijana wengi huhifadhi mradi mpya juu ya wa zamani, na siku ya kutaka kurudi hakuna pa kurudi. Masikio mapya nayo huisha vivyo hivyo: rafiki uliyemtumia wimbo leo asubuhi hawezi tena kuusikia kwa mara ya kwanza. Mwenye marafiki watatu tu wenye masikio mazuri, amtumie nani toleo la leo, na nani amwache asisikie chochote mpaka wimbo ukaribie kutoka?