Je, Yafaa Mwanafunzi Ampime Mwalimu Wake?

Katika nchi ya Tarime na Serengeti, mwenye ng'ombe akirudishiwa kundi jioni hamwulizi mchungaji peke yake kama amelisha vema. Huwatazama ng'ombe wenyewe: matumbo yao yamejaa au yamebonyea? Ng'ombe hana maneno, walakini ushuhuda wake ni wa kweli.

Mwanafunzi naye ni shahidi wa kazi ya mwalimu. Mwalimu mkuu hupita darasani mara moja moja. Wadhibiti ubora wa shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi, huja kwa siku chache tu. Bali mwanafunzi yumo darasani kila siku. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, jambo hili limejaribiwa? Naam. Huko Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2012, wataalamu waliwauliza watoto, kuanzia wa darasa la 4, habari za mafundisho yao. Ilionekana ya kuwa, mara nyingi, darasa ambalo watoto walilishuhudia vema ndilo lililoendelea zaidi katika mitihani. Lakini mwaka 2017 wataalamu wengine walikusanya majaribio mengi ya vyuo vikuu, wakaona ya kuwa alama ambazo wanafunzi huwapa walimu hazionyeshi ni nani aliyefundisha zaidi.

Basi tuangalie sana namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtoto, "Je, mwalimu huyu ni mwema?" huenda akamsifu yule achekeshaye, na kumchukia yule atoaye kazi nyingi. Bali ukimwuliza, "Jana aliingia darasani? Alisahihisha daftari lako? Alieleza tena usipofahamu?" atajibu aliyoyaona kwa macho yake.

Kwa hiyo mwanafunzi na awe shahidi, asiwe hakimu. Hukumu ni ya wakubwa, ambao hupima ushuhuda wa wengi, na kumsikiliza mwalimu pia. Nao wana wajibu wa kumlinda mtoto asemaye kweli, asiadhibiwe kwa neno lake.

Nawe, ukiulizwa, sema uliloliona, usizidishe, usipunguze. Maana uongo mmoja waweza kumharibia kazi mwalimu mwema, na kunyamaza kwa woga kwaweza kuwaacha wenzako mwaka mzima bila kujifunza.