Masikio ya Papa Yaliharibikia Kazini: Wakikataa Kulipa, Tufanye Nini?

Katika nyumba nyingi za kampi zetu kuna jambo ambalo watoto wanalichekea. Radio ya papa inasikika mpaka kwa jirani. Mama anamwita mara tatu, hageuki. Watoto wanasema: "Papa anajifanya kiziwi, hapendi kutupatia franga." Hapana. Mara nyingi masikio yake yaliharibikia kazini, na ugonjwa wa kazi una malipo yake katika sheria.

Mashini ya kutoboa mawe inayosukumwa na upepo inapita desibeli 100, na chini ya udongo sauti haina pa kutokea. Waganga wa kazi wengi wanahesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndiyo mpaka. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 100 ni dakika 15 tu. Sasa uhesabu mwenyewe mutu aliyeshika ile mashini miaka 20! Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikikufa, haviote tena, hata kwa dawa, hata kwa majani ya kienyeji.

Papa akienda kudai, jibu la kwanza mara nyingi ni hili: "Muzee, ni uzee tu." Neno hilo linaweza kupingwa. Makelele yanakula kwanza sauti nyembamba, karibu na hertz 4000. Kwenye karatasi ya kipimo, mstari unashuka pale kama shimo, kisha unapanda kidogo. Uzee peke yake unashusha mstari pole pole mpaka mwisho, bila kupanda. Lakini miaka ikipita, uzee unafunika lile shimo. Ndiyo maana anayengojea anaharibu kesi yake mwenyewe. Pima mapema, na kabla ya kupima pumzika siku chache mbali na makelele. Ufaransa, kwa mfano, sheria yao inadai siku 3.

Jibu la pili: "Hakuna ushahidi kwamba ulifanya kazi kwenye makelele." Hapa ni karatasi zinazosema: mkataba, bulteni za mshahara, hati ya mwisho wa kazi, kipimo cha munganga cha siku ya kuingia kazini. Mama, tafadhali, usiwashie mbabula karatasi za zamani! Na kama mashini ilikuwa ya watu wawili, mwenzake aliyeishika naye ni shahidi mzuri.

Hapana ya mdomo haina pa kushikia. Omba jibu la maandishi, na sababu ndani. Kama ubishi ni kati yako na mwajiri, Kodi ya Kazi ya 2002 inataka kwanza upite kwa inspekta wa kazi ajaribu kuwapatanisha. Mkishindwa kupatana, anaandika prose-verbali, na kwa karatasi hiyo unaingia kwenye tribinali ya kazi. Kama anayekataa ni CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka 2018, anza kwa kuwaandikia wao wenyewe, na ubakize kopi yenye muhuri wa mapokezi.

Wengine wanaona haya, kana kwamba wanaomba sadaka. Kwa tawi la hatari za kazi, mwajiri peke yake analipa asilimia 1.5 ya mshahara, kwa ajili ya siku kama hii. Haya ya nini? Vijana wanaochimba bila mwajiri, hao ndio wenye shida ya kweli: hakuna anayewalipia, kwa hiyo hakuna wa kumdai. Kwao kinga ya masikio ndiyo kila kitu, na kipande cha pamba si kinga.

Siku ya kwenda kwa inspekta, muzee asiende peke yake. Mtoto mkubwa aende naye, akae upande wa sikio linalobaki, aandike kila neno. Watu wenye shida ya kusikia wana desturi ya kuitika "ndiyo" kwa swali ambalo hawakulisikia vizuri, sababu ya haya. Na ile "ndiyo" itaandikwa. Kabla ya kutia sahihi, mtoto amsomee yote, pole pole, uso kwa uso.