Reli ya rafuni Gisenyi: hesabu ya sentimita 173 na faranga 1,072,200

Kutoka Gisenyi hadi Kigali kwa barabara ni takriban kilomita 155, na reli hakuna. Rwanda nzima haina reli ya abiria wala ya mizigo; ile ya Isaka hadi Kigali bado ni mpango. Mtoto wa Gisenyi anayependa treni anaweza kujengewa yake chumbani, juu ya rafu. Maswali ya mzazi ni mawili: itachukua nafasi kiasi gani, na itagharimu kiasi gani?

Tuanze na skeli, yaani uwiano kati ya treni ya kweli na ile ya mfano. Skeli mbili ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi duniani: HO, ambayo ni 1:87, na N, ambayo ni 1:160. Ile safari ya kilomita 155 ingehitaji mita 1,782 za reli katika HO na mita 969 katika N. Hakuna chumba kinachoweza kubeba safari nzima. Kinachowezekana ni kujenga stesheni moja, na hesabu zote zinazofuata ni za stesheni hiyo.

Skeli ikubaliane na treni anayoipenda mtoto. Geji ni upana kati ya pau mbili za reli. SGR, yaani reli ya kisasa, ya Kenya na ya Tanzania ina geji ya milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 16.5, ambayo ndiyo geji ya HO. Ukigawa kwa 160 unapata karibu 9, ambayo ni ya N. Reli ya kale ya Tanzania, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina geji ya milimita 1,000, na katika HO ingepaswa kuwa milimita 11.5. Anayeweka treni hiyo ya kale juu ya njia ya kawaida ya HO anapata geji iliyozidi kwa asilimia 43. Kwa SGR hesabu inakaa sawa. Kwa reli ya kale haikai.

Wengi hupima urefu wa ukuta, lakini kipimo kinachoamua ni kina cha rafu. Kona kali ya kawaida ya HO ina nusu kipenyo cha sentimita 36. Duara kamili ni sentimita 72, na ukiongeza nafasi ya pembeni unafika karibu 90. Meza ya sentimita 90 kwa 120 ina mita za mraba 1.08. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, hiyo ni asilimia 12 ya sakafu. Rafu ya kina cha sentimita 30 haiwezi kubeba duara hilo. Kwa hiyo treni ya rafuni haizunguki. Inakwenda na kurudi.

Je, mchezo wa kwenda na kurudi unatosha? Mwingereza Alan Wright alibuni stesheni ndogo iitwayo Inglenook Sidings, ya kushanti, yaani kupanga na kupangua mabehewa. Ina swichi mbili (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) na njia tatu: moja ya mabehewa matano, mbili za mabehewa matatu kila moja. Mabehewa yote ni manane. Mtoto anachagua matano kwa kura, kisha anayaunganisha kwa mpangilio ulioamriwa na kura hiyo.

Urefu wake unakokotoleka. Chukua behewa la mizigo la mita 14 na kichwa cha treni cha mita 20. Katika HO, behewa ni sentimita 16 na kichwa ni 23. Njia ya kurudia nyuma, iliyo kabla ya swichi, inahitaji kichwa na mabehewa matatu: 23 + 48 = 71. Ongeza swichi ya sentimita 22 na njia ya mabehewa matano, 80. Jumla ni sentimita 173. Katika N, kwa swichi ya sentimita 12.5, jumla ni kama 95. Nafasi iliyookolewa ni sentimita 78, lakini behewa la N lina urefu usiofika sentimita 9. Kwa vidole vya mtoto wa miaka saba, HO inashikika vizuri zaidi.

Mipangilio ni mingapi? 8 × 7 × 6 × 5 × 4 = 6,720. Tukikadiria dakika 10 kwa kila mmoja, ni saa 1,120. Kwa saa moja kila Jumamosi na Jumapili, hiyo ni zaidi ya miaka 10. Tuwe waangalifu hapa: hesabu hiyo inapima mipangilio, haipimi hamu ya mtoto. Inachothibitisha ni kwamba stesheni haitakuwa ya kwanza kuishiwa.

Sasa fedha. Bei zifuatazo ni makadirio ya kukokotolea. Weka mahali pake bei utakazotajiwa dukani. Upande wa hapa nyumbani: plaiwudi ya milimita 12, faranga 40,000, vishikio vinne vya chuma, 14,000, skrubu na plagi za ukutani, 4,000, rangi, 8,000, fundi, 15,000. Jumla ni faranga 81,000. Plaiwudi hiyo, yenye sentimita 122 kwa 244, hutoa vipande vinne vya sentimita 30, na treni inatumia kimoja tu. Vitatu vilivyobaki vinaweza kuwa rafu za vitabu, lakini fedha zake zimeshalipwa.

Upande wa nje ya nchi: kichwa, euro 90, mabehewa manane kwa euro 20 kila moja, jumla 160, reli na swichi, 75, kidhibiti mwendo, 45, usafirishaji, 50. Jumla ni euro 420. Kwa faranga 1,600 kwa euro, ni 672,000.

Kodi ndiyo husahaulika. Bidhaa iliyokamilika ikiwekwa katika kundi la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kila faranga 100 huwa 125. VAT ya Rwanda ya asilimia 18 hutozwa juu ya hizo 125, si juu ya 100, nayo ni 22.5. Jumla ni 147.5, kabla ya tozo ndogondogo. Kwa kudhani kwamba usafirishaji nao umeingizwa katika thamani ya forodha, kodi ya mzigo wetu ni faranga 319,200, karibu mara nne ya kazi yote ya mbao. Mzigo unafika nyumbani kwa 991,200, na mradi mzima unafika 1,072,200. Rafu yenyewe ni asilimia 7.6 tu ya fedha hizo.

Wapi pa kupunguza? Kubana kwenye mbao hakusaidii sana: hata ukipata punguzo la robo, unaokoa faranga 20,250. Behewa moja likifika nyumbani ni faranga 47,200, hivyo kuanza na matano badala ya manane kunaokoa 141,600, asilimia 13 ya jumla. Lakini kuunganisha treni ya matatu kutoka matano kuna mipangilio 60 tu (5 × 4 × 3), sawa na saa 10 kwa kipimo kilekile. Mabehewa matatu yaliyoachwa yanabeba asilimia 99 ya mchezo. Kwa hiyo jenga urefu kamili, anza na matano, na uongeze moja moja mtoto akionyesha kwamba hamu bado ipo.

Umeme si hoja. Treni ya volti 12 inayotumia nusu ampia ni wati 6. Saa moja kila siku kwa siku 30 ni uniti 0.18. Kwa faranga 300 kwa uniti, ni faranga 54 kwa mwezi.

Ukuta ndio hoja. Kipande cha plaiwudi, reli na treni havizidi kilo 8. Mtoto wa kilo 25 akiegemea, uzito unakuwa 33, zaidi ya mara nne. Fundi apewe uzito huu wa pili. Pia Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, mitetemeko ilipasua nyumba Gisenyi. Rafu isiwekwe juu ya kitanda, na ukingo wake wa mbele uinuliwe sentimita 3.

Hukumu ya namba ni hii: HO, sentimita 173 kwa 30, mabehewa matano mwanzoni, gharama ya kuanzia faranga 930,600. Kabla ya kuagiza chochote, muulize wakala wa forodha kundi la ushuru la bidhaa hiyo, kwa kuwa jibu lake linabadilisha jumla zaidi kuliko bei ya mbao, rangi na fundi kwa pamoja.