Homa ya Ubongo na Sindano ya Mgongo

Bila shaka, msomaji, umepata kusikia maneno haya kijijini: "Usikubali mtoto wako achomwe sindano ya mgongo. Akichomwa hufa, asipokufa hupooza." Mimi nami niliyaamini, mpaka siku nilipomsindikiza jirani yangu hospitalini na mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa na homa siku mbili, akaanza kuweweseka, akamwita mama yake kwa jina la shangazi, kisha akashikwa na degedege. Daktari alipoitaja sindano hiyo, baba aliinuka, akamfunika mtoto shuka, akataka kuondoka naye. Sikiliza aliyoelezwa hata akaketi tena.

Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Lakini fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki. Ubongo ukivimba humo hubanwa. Ndipo kichwa huuma sana, mgonjwa hutapika, husinzia mno, hasahau majina tu bali hata watu wenyewe, hushikwa na degedege, na pengine hufanya mambo ya ajabu ambayo majirani husema ni mapepo. Mambo hayo yakija pamoja na homa, ni ugonjwa, tena si wa kungoja kesho. Kwa mtoto mchanga, tazama utosi: ukituna hali hajalia, mpeleke upesi.

Waletao maradhi haya ni vijidudu vya namna nyingi. Malaria kali huudhuru ubongo, ndiyo sababu damu hupimwa kwanza. Bakteria huvimbisha ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, nasi huita homa ya uti wa mgongo. Virusi navyo huushambulia ubongo wenyewe. Kimoja ni herpesi, kile kile kiletacho malengelenge midomoni. Watu wengi wanacho mwilini wala hakiwasumbui sana. Ni mara chache mno kufika ubongoni. Lakini kikifika, pasipo dawa huua wagonjwa kama 70 katika 100.

Ukiwatazama wagonjwa hawa kitandani, wote hufanana. Basi daktari atajuaje? Ubongo umezungukwa na maji, na maji hayo hushuka mpaka mgongoni. Yakiwa mazima hung'aa kama maji ya chemchemi. Yakiwa na ukungu, hiyo ni dalili ya bakteria. Mengine huonekana kwa darubini na vipimo. Daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani ndiye aliyeanza kuyachota kwa sindano, mwaka 1891.

Utauliza, je, sindano haikati ile kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo? Hapana. Kamba hiyo huishia juu ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo. Mtu mzima ana maji hayo kama mililita 150, na kila siku mwili hutengeneza kama mililita 500. Machache yaliyochotwa hurudi upesi. Mgongo au kichwa huweza kuuma siku chache. Tena daktari akiona dalili kwamba ubongo umevimba mno, huiahirisha sindano. Basi uvumi ulitoka wapi? Nadhani ni kwa kuwa wengi hufikishwa wamechelewa. Mtoto akifa, sindano ndiyo iliyoonekana kwa macho, ugonjwa haukuonekana.

Matibabu hayangoji majibu yote. Mgonjwa hutiwa mshipani dawa za kuua bakteria, na asiklovia kwa ajili ya herpesi, na dawa ya malaria ikiwa imeonekana. Degedege hutulizwa. Asiklovia ilitoka katika kazi ya Gertrude Elion na wenzake huko Marekani, naye alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Hutolewa mara tatu kwa siku, kwa siku 14 hata 21. Hapo ndipo wengi wetu hukosea: homa ikishuka siku ya tano, twataka kumchukua mgonjwa nyumbani, kwa kuwa mahindi yangoja palizi. Kijidudu bado kimo.

Viko virusi visivyo na dawa. Mgonjwa hutunzwa tu mpaka mwili ushinde. Kichaa cha mbwa hakingoji hata hilo: dalili zikishaanza, karibu wote hufa. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, ukachanjwe siku ile ile. Na surua, ambayo wengine huidharau, huvimbisha ubongo wa mtoto mmoja katika kila 1,000 hivi waiuguao. Chanjo yake ipo zahanati.

Yule baba alikubali. Mtoto alilala hospitalini siku 21, mama yake akilala sakafuni kando yake. Sasa amerudi shuleni. Husahau upesi, na mkono wa kuume huandika polepole, kwa hiyo mwalimu amemweka dawati la mbele, na dada yake humsomesha tena jioni yale aliyoyasahau mchana.