Je, Wajua? Kukaza na Kulegeza au Mwendo Mmoja: Mafuta Huondokaje?

Jumamosi alfajiri klabu za jogingi za Kawe, Dar es Salaam, huwa zimeshaingia barabarani: fulana za rangi moja, kibwagizo, mchakamchaka wa kuelekea Mbezi Beach. Wengine hushuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, wakakimbia kwa kasi dakika moja, wakatembea mbili, kisha wakarudia. Nani anapunguza kitambi zaidi? Soma kabla hujafunga kamba za raba.

Je, wajua kuwa makundi yote mawili hupungua mafuta karibu sawa? Mwaka 2017 watafiti wa Australia walijumlisha matokeo ya tafiti 13 zilizofanywa kwa watu wazima wenye uzito uliozidi. Tofauti kubwa waliyoikuta ilikuwa ya muda: waliokaza na kulegeza walitumia takriban asilimia 40 pungufu. Kwa mtu anayewahi daladala ya Posta, huo ni muda wa maana.

Je, wajua kuwa mbinu ya kukaza na kulegeza ilibuniwa kwa ajili ya kushinda mbio? Katika miaka ya 1930 kule Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell waliwakimbiza wanariadha mpaka moyo ufikie mapigo 180 kwa dakika, wakawapumzisha hadi yashuke kwenye 120 hivi, ndipo wakaanza tena. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mjini Milano mwaka 1939. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 1955.

Je, wajua kuwa utafiti maarufu wa Izumi Tabata wa Japani, wa mwaka 1996, haukuhusu kitambi? Ulipima pumzi na nguvu za vijana wanamichezo waliokanyaga baiskeli kwa sekunde 20 na kupumzika 10, mara saba au nane. Anayekuuzia dakika nne hizo kama dawa ya tumbo anakupa ahadi ambayo utafiti wenyewe haukuitoa.

Je, wajua kuwa mwili huendelea kuunguza nishati ya ziada baada ya zoezi kali, lakini kidogo tu? Kwa kawaida nyongeza hiyo ni kati ya asilimia 6 na 15 ya nishati uliyotumia kwenye zoezi lenyewe.

Je, wajua kuwa mchakamchaka una kipimo chake ndani? Ukiitikia wimbo wote bila kutweta, bado uko chini. Ukiweza kuongea lakini wimbo unakushinda, umefika kiwango cha wastani. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukavuta pumzi, hapo umekaza.

Je, wajua kuwa mafuta mengi hutoka mwilini kwa njia ya pumzi? Kilo 10 za mafuta zikiunguzwa, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi na kilo 1.6 kama maji. Jasho ni maji yanayorudi ukinywa. Kujifunga nailoni tumboni katika joto la Dar es Salaam hakuyeyushi kitambi, na kunaweza kukuangusha.

Je, wajua kuwa huwezi kuuchagulia mwili mahali pa kupungua? Mwaka 1971 wachezaji wa tenisi walipimwa mikono yote miwili. Wa kuchezea ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, ila mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa sawa na ya mkono mwingine.

Je, wajua kuwa somo kubwa kuliko yote limetoka hapa hapa Tanzania? Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Mwili ukizoea kazi nyingi, hubana matumizi kwingine. Ndiyo maana kitambi huamuliwa zaidi na sahani. Hata hivyo kutembea kwao si bure: presha ni nadra miongoni mwao.

Je, wajua kuwa soda moja ya mililita 350 ina kalori 150 hivi? Mtu wa kilo 70 atahitaji kukimbia kilomita 2 ili kuilipa.

Je, wajua kuwa Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa? Ni mwanzo mzuri, lakini Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki.

Basi panga wiki yako. Siku mbili kaza dakika moja na tembea mbili, mara nane. Pamoja na kupasha mwili na kuupoza, nusu saa na ushee inatosha. Siku tatu nenda mwendo mmoja na klabu yako. Punguza soda, chipsi na wali wa kujaza sahani. Kama una presha, sukari au ugonjwa wa moyo, au umekaa miaka bila mazoezi, anza kwa kutembea haraka na umwone daktari kabla ya kukaza. Ukishindwa kuchagua kati ya njia hizi mbili, shika ile unayoipenda, kwa sababu ndiyo utakayoendelea nayo.