Mabua Hayaokotwi Bure

Molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishaganda, haihitaji hila nyingi kugeuzwa mafuta. Hamira hula sukari yake na kutoa ethanoli na kabonidioksidi, basi. Malawi, nchi isiyo na bahari ambayo petroli huifikia kwa gharama ya safari ndefu, ilianza mwaka 1982 kuchanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Dwangwa. Mabua ya mahindi nayo yana sukari, ila imefungwa ndani ya selulosi na hemiselulosi, na zote zimeshikamanishwa na lignini, kitu kile kinachoupa mti ugumu. Sharti yapikwe kwa mvuke mkali au asidi, kisha vimeng'enya viikate selulosi. Hata hapo, sehemu ya sukari inayopatikana ni zailosi, ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuichachusha.

Husemwa kwamba utaalamu ukikomaa, kikwazo kitaondoka. Lakini kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda kikubwa cha ethanoli ya mabua huko Iowa, Marekani, mwaka 2015, na mwaka 2017 ikajitoa. Sababu hazikuwa za kiufundi tu. Sera na mageuzi ya kampuni yalichangia. Hata hivyo mabua ni mepesi, hujaza lori kabla ya kulilemea, na huja na udongo unaosaga mitambo. Ikiwa hesabu ilikuwa ngumu kwenye mashamba mapana ya Iowa, itakuwaje kwa vishamba vya ekari mbili mbili vya Kakamega au Mbeya? Tena mabua hayo ni chakula cha ng'ombe na rutuba ya udongo. Anayeyaita taka hajamuuliza mfugaji. Makapi ya miwa yana nafuu, kwa kuwa tayari yamo kiwandani, na Brazili wanayatumia kutengeneza ethanoli, ingawa viwanda vingi huyachoma kuendesha mitambo yao.

Molasi nayo ina lawama zake. Kila lita ya ethanoli huacha lita kumi au zaidi za majitaka yanayoua samaki yakimwagwa mtoni bila kusafishwa. Na ni chache: tani moja ya miwa hutoa molasi ya lita kumi hivi za ethanoli. Uchache huo ndio unaonifanya nione mahali pa ethanoli yake ni jikoni, kama nishati ya kupikia, kuliko barabarani. Kwenye gari, lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. Kwenye jiko, inachukua nafasi ya mkaa, ambao nishati nyingi ya mti wake ilikwisha kupotea tanurini.